Hedifoni Tatu na Sauti ya Weris

Garissa,
6 Mei 2024

Mwalimu wangu Kanana,

Ulitufundisha pale Eldas kwamba barua huanza kwa kujuliana hali, kisha mtu ataje dhumuni lake bila kuzungukazunguka. Basi hujambo, mimi sijambo, alhamdulillah, na dhumuni la barua hii ni kujisifu.

Nimepewa kazi ya kuamua. Mimi Weris, yule uliyekuwa ukimsimamisha mbele ya darasa la sita na kipande cha karatasi mbele ya midomo, aseme "papai" na "pakacha" mpaka karatasi itikisike na ile "b" yetu ya Kisomali igeuke "p"! Unajua niko kwenye Laini ya Mifugo hapa mjini, ambako mfugaji hupiga simu kuuliza mbuzi na ngamia wanauzwaje Garissa, Modogashe au Dadaab. Simu zimekuwa nyingi, na mkono ulioshika simu hauwezi kuandika bei. Kwa hiyo wanawake wa chumba hiki tunafanya kama mama zetu sokoni: unachomeka simu ndani ya hijabu, inabanwa shavuni, mikono yote miwili inabaki na kazi.

Dancan, msimamizi wetu, mtu wa Machakos, alituangalia siku nyingi kisha akacheka. Wiki iliyopita akaleta hedifoni zisizo na waya, aina tatu, akaniita. "Weris, wewe na wenzako mtazijaribu. Ile mtasema inakaa vizuri kichwani na sauti iko sawa, hiyo ndiyo tutanunua." Hakuwaambia Abshir wala Keynan, wanaume tunaofanya nao kazi. Aliniambia mimi.

Na kuna la pili. Mtu akipiga laini yetu, kabla hajapokewa, husikia makaribisho kwa Kisomali na kwa Kiswahili. Yale ya Kiswahili ni sauti yangu. Nilirekodi Jumamosi nikiwa nimevaa hedifoni mojawapo. Wanunuzi wa mbuzi kutoka Mwingi na Thika sasa wanakaribishwa na mtoto wa Eldas.

Ndiyo maana nina ombi. Nimeandika namba nyuma ya bahasha. Piga, sikiliza makaribisho tu, kisha uniambie kama karatasi ilitikisika. Watu wengine wakinisifu nitafurahi, lakini wewe ukinisifu nitaamini. Nimekupigia mara nyingi tangu Idd na hupokei.

Barua nimempa Kadar wa gari la miraa, anayerudi Maua kesho. Baba anakusalimu sana.

Mwanafunzi wako,
Weris Maalim


Maua,
9 Mei 2024

Mpendwa Weris,

Barua yako nimeisoma kwa sauti jikoni, nikaisoma tena kwenye kibaraza, halafu nikampelekea mke wa mchungaji aisome mwenyewe. Nilimwambia, "Huyu nilimpata hajui neno moja la Kiswahili ila 'mwalimu' na 'choo'." Usinune, ni kweli. Na sasa anakaribisha Thika nzima. Nimejaa kiburi, nami sitaki kuombewa kipungue.

Kuhusu simu, usinilaumu. Naiacha chumbani, nami niko shambani. Isitoshe, simu imeharibu lugha. Watu wanapayuka tu, hakuna anayemaliza sentensi. Barua hunipa nafasi ya kukusahihisha, na kwenye hii sikupata cha kusahihisha, jambo lililoniudhi kidogo.

Laini yenu nitapiga. Usiwe na haraka.

Lakini nieleze zaidi juu ya hizo hedifoni. Kuna jirani yangu hapa, mtu mzima, mwenye masikio mazito. Anataka kujua kama zinaongeza sauti kweli au ni urembo wa vijana. Ukizijaribu, usiniandikie "nzuri" na "mbaya". Andika kama nilivyokufundisha insha: inabana wapi, inateleza lini, mtu wa upande wa pili anasikika kama yuko wapi. Jirani huyo ni mtu wa maswali mengi.

Msalimie Maalim. Mwambie bado nina ule mkeka alionipa nilipoondoka Eldas.

Mwalimu wako,
Kanana


Garissa,
14 Mei 2024

Mwalimu wangu,

Jirani yako atapata insha yake, lakini haitamfurahisha. Tumejaribu zote tatu, mimi na wenzangu Lul na Naimo, chumba kizima kikituangalia.

Aina ya kwanza ni zile ndogo za kuingia sikioni. Sauti yake ni safi ajabu, mzee wa Dadaab unamsikia kama mko mkeka mmoja. Ila hijabu ikisogea, nayo inasogea. Naimo alikuwa akimpokea mzee wa Modogashe, na unajua salamu za kwetu: nabad, watoto nabad, mifugo nabad, mvua je? Walipofika kwenye mvua kidude kilichomoka kikapotelea ndani ya nguo. Naimo hakuweza kukitafuta, Abshir na Dancan wako pale pale. Akabaki na mikono mapajani, mzee akiendelea kusalimu peke yake.

Aina ya pili ni kubwa, ina utepe wa kupita juu ya kichwa, sponji za kufunika masikio na kijimkono cha maiki. Ukiivaa juu ya hijabu inateleza, kila ukiinamisha kichwa kuandika inakushukia machoni. Ukiivaa chini ya hijabu inabidi uipenyeze kutokea kidevuni bila kuona unachofanya. Inakaa upande, inakandamiza hereni, na maiki inabaki ndani ya kitambaa. Anayepiga anasikia kama mtu anakung'uta gunia. Ikifika adhuhuri masikio yanawaka.

Ya tatu ndiyo ya ajabu. Haiingii sikioni wala hailifuniki. Inakaa kwenye mfupa, mbele kidogo ya sikio, na sauti inapita humo humo mfupani. Inakutekenya, na sauti yake ni nyembamba, haina mwili. Mimi na Naimo tuliikataa. Lul peke yake, ambaye sikio lake la kulia limekuwa likitoa usaha tangu utoto, aliivaa akakodoa macho. "Abaayo, dada! Huyu mtu anaongea ndani ya kichwa yangu!" Tukacheka.

Dancan hakucheka. Si mtu mbaya, anataka kazi iende. Alisema shida ni kitambaa, si hedifoni. Kama mwisho wa mwezi hatutakuwa tumepata inayofaa, simu zitachukuliwa na Abshir na Keynan, sisi wanawake tuhamie upande wa kunakili bei. Mwalimu, kunakili bei kunafanywa kwenye kile chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Wanawake wa nyikani wanapiga laini yetu kwa sababu wanapokewa na wanawake. Nilipewa kazi ya kuamua, na sasa naona nitakuwa nimewaamulia wenzangu wafukuzwe kwenye simu.

Hujaniambia kama ulipiga.

Weris


Maua,
18 Mei 2024

Mpendwa Weris,

Nianze na lililo tamu. Nimepiga laini. Nimekusikia. Sauti yako imekomaa, ni nyororo na imetulia, na kila neno liko mahali pake. Karatasi ilitikisika, mwanangu. Nimejivunia mpaka nikaona aibu.

Sasa la pili, na hapa nisikilize vizuri. Nimesoma barua yako mara kadhaa nikitafuta kosa la hedifoni, na sikuliona. Niliona hili: "chumba kizima kikituangalia". Mlipokuwa mkizivaa, wanaume walikuwa humo?

Mwaka wangu wa kwanza Eldas, muuguzi alikuja shuleni kukagua mapunye. Nikawapanga wasichana mstari mmoja uwanjani, mbele ya wavulana, nikawaambia wafungue vichwa. Hakuna aliyesogea. Nikafoka, nikatishia kiboko, wakabaki wamesimama kama nguzo. Nilidhani ni ukaidi wa darasa zima. Ni mama yako, Mungu amrehemu, aliyekuja akanishika mkono akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mwalimu, leta pazia." Tukatundika shuka mlangoni, na kabla ya chakula cha mchana muuguzi alikuwa amemaliza.

Nyinyi hamjazijaribu hizo hedifoni. Mmejaribu kuzivaa bila kuonekana mkizivaa. Hata kofia ingekataa kukaa. Dancan hajui, nami simlaumu, kwa sababu mimi pia sikujua na nilikuwa na cheti cha ualimu. Lakini wewe unajua, na umenyamaza kwa kuwa unaona haya kumwambia mwanamume neno "kichwa". Mwambie atoke nje. Ukishindwa kusema, mwandikie. Kuandika nilikufundisha.

Jirani anashukuru kwa insha. Anauliza yule Lul aliendelea kusikia vizuri, au ilikuwa mara moja tu?

Mwalimu wako,
Kanana


Garissa,
21 Mei 2024

Mwalimu Kanana,

Hukupiga.

Makaribisho yangu yaliondolewa tangu tarehe kumi. Nilirekodi nikiwa na ile ya pili chini ya hijabu, na kumbe ilikuwa mikwaruzo mitupu. Wanunuzi walilalamika. Dancan akaweka sauti ya Abshir. Sikukuandikia kwa sababu niliona haya, nilisema nikipata hedifoni nzuri nitarekodi tena na hutajua chochote. Kwa hiyo ile sauti nyororo uliyoisikia tarehe kumi na nane ni ya Abshir, na Abshir ana sauti ya jenereta.

Kama Kiswahili changu hakikustahili hata simu moja, ungesema. Ulikuwa ukituchapa kwa makosa madogo kuliko uongo. Nilikuomba jambo moja tu.

Weris Maalim


Maua,
24 Mei 2024

Weris,

Ni kweli, sikupiga. Na hata ningepiga nisingesikia.

Sikio la kulia lilianza kwanza, la kushoto likafuata. Mwaka wa pili sasa. Daktari wa Meru alinichorea picha: kuna vifupa vidogo ndani ya sikio ambavyo hucheza sauti ikipita, na vyangu vimekakamaa, kama bawaba yenye kutu. Alisema kuna upasuaji, niufikirie. Bado naufikiria. Kanisani nakaa mbele na kuimba nikiona midomo ya wengine inafunguka. Simu iko chumbani kweli, lakini si kwa sababu ya shamba. Inawaka taa, naona jina lako, nakaa nikiliangalia mpaka linazimika.

Jirani mwenye masikio mazito ni mimi.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa mwalimu aliyemsikia mtoto wa dawati la nyuma akikosea herufi moja huku darasa la jirani likipiga kelele. Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Wengine walikuwa na gari, mimi nilikuwa na masikio. Na kati ya wanafunzi wote niliowafundisha, wewe hasa sikutaka ujue, kwa sababu wewe ndiye uliyesema vizuri kuliko wote. Niliposoma kwamba unataka nikusikilize, nilijisikia kama nimeitwa harusini na sina miguu. Nikaona afadhali nikusifu bila kusikia. Nilijua ungesema vizuri. Sikujua wangemweka Abshir.

Nisamehe. Ila lile la pazia ni la kweli, sikulitunga. Usilitupe kwa hasira zako.

Kanana


Garissa,
31 Mei 2024

Mwalimu wangu mpenzi,

Nisamehe wewe kwanza. Nilisoma barua yako ofisini, Lul akanifunika uso kwa hijabu yake ili wanaume wasione nikilia. Baba nimemsomea yote kwenye simu. Alisema, "Huyo mwalimu alikuwa anasikia hata mbuzi wetu akiingia shule." Ana huzuni, lakini anacheka.

Sikulitupa pazia. Jumatatu nilimfuata Dancan nikamwambia wazi, macho nikiwa nimeyakazia kalenda iliyo nyuma yake: wanawake hawawezi kupima kitu cha kichwani mbele ya wanaume. Alijishika kichwa. "Haki ya nani, Weris, si mngesema tu! Mimi nilidhani mko sawa." Hakuongeza swali hata moja. Aliwatoa Abshir na Keynan, yeye mwenyewe akabeba kiti, wakaenda kukaa kivulini karibu na tangi la maji, wapige simu kutoka huko kama wateja.

Tukafunga mlango na kutundika shuka dirishani. Tukavua hijabu, tukavua hereni, tukabaki na vile vitambaa vya pamba vya ndani. Tukachukua ile aina ya pili na kuivaa kama watu, mbele ya kioo. Utepe ulikaa juu ya pamba wala haukuteleza. Sponji zikaziba masikio sawasawa. Kisha hijabu juu yake, na kijimkono cha maiki tukakipitisha ukingoni, penye shavu, kwa pini moja. Sauti iliingia imenenepa, kama mtu ameketi mbele yako. Naimo alitikisa kichwa, akainama, akarukaruka. Haikuhama.

Abshir alipopiga kutoka kwenye tangi alisema, "Nani huyo? Hii sauti safi namna hii ni ya Naimo kweli?" Naimo akamjibu kwamba bei ya jenereta kuukuu leo imeshuka.

Tuliivaa siku tatu mfululizo, mpaka salamu ndefu kuliko zote zilipita. Saa za joto masikio hutoka jasho, na hilo nimeliandika, tunazipumzisha tukienda kuswali. Jana Dancan aliwaagizia wanawake wote hedifoni hizo. Viti ni vyetu, hakuna anayehamia chumba cha nyuma. Chini ya ripoti kuna jina langu na sahihi yangu, na nilipoiona imepigwa muhuri nilitembea ofisini kama nimenunua ngamia dume.

Nimerekodi tena. Iko hewani tangu asubuhi. Safari hii nimeisikiliza mwenyewe kabla ya kukuandikia.

Kwenye furushi hili kuna ile hedifoni ya tatu, ya mfupa. Lul alikataa kuiachia mpaka nilipomwambia inakwenda kwa nani. Dancan ameridhia, na Lul ataagiziwa nyingine. Lul aliendelea kusikia, Mwalimu, haikuwa mara moja tu. Sijui kama itakufaa. Masikio yako si ya Lul, na sitaki kukupa tumaini la bure. Ichaji kwanza. Kwenye simu fungua mahali pa kuunganisha vifaa, subiri jina lake litokee, ubonyeze. Usiitie sikioni. Iweke mbele ya sikio, juu ya mfupa, ibane kidogo. Na kama haitafanya kazi, niandikie hivyo hivyo. Usinisifu.

Mwanafunzi wako,
Weris


Maua,
4 Juni 2024

Mpendwa Weris,

Kadar alinikabidhi furushi mkononi na kusimama kungoja niseme kitu. Nilimwambia aende zake, nina kazi.

Niliitia sikioni. Ulinikataza, na bado niliitia, kwa sababu kitu cha kusikia nimezoea kiende sikioni. Kimya. Nikaigeuza, kimya. Niliitukana kwa Kimeru, ambacho hukifahamu, na ni vizuri hukifahamu. Kisha nikakaa kitandani, nikasoma barua yako upya polepole, nikaiweka mbele ya sikio, juu ya mfupa, na kupiga namba iliyo nyuma ya bahasha.

Kwanza nilisikia mtetemo tu, kama nyuki ndani ya fuvu. Nikaisogeza kidogo. Ndipo mtu akasema, katikati ya kichwa changu, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusemea: "Karibu Laini ya Mifugo. Pole kwa kusubiri. Popote ulipo, bei ipo."

Nilisahau kwamba baada ya makaribisho kuna mtu. Naimo wako akapokea, akaniuliza ninataka mnyama gani, soko gani. Sikuweza kumwambia kwamba ninalia. Nikauliza bei ya ngamia jike, Modogashe. Akaniambia, nikamshukuru, akaniuliza kama nina swali jingine, nikauliza na ya mbuzi. Weris, sina haja ya ngamia wala mbuzi. Nilitaka mtu aendelee kuongea.

Mniwie radhi kama simu zilizidi leo. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga. Sauti ni nyembamba kama ulivyoandika, na baada ya muda inachosha mfupa. Masikio yangu ya zamani hayajarudi, upasuaji nitaufikiria sasa kwa adabu zaidi, na mke wa mchungaji bado namsikia nusu. Lakini hukuniomba nimsikie mke wa mchungaji.

Sasa matokeo yako, maana sijastaafu kabisa. "Popote ulipo" umelikimbiza kidogo. Mtu wa Thika atafikiri una mbuzi wanaokungoja. "Pole kwa kusubiri" ni kamili. Nililirudia baada yako, nikiwa na kipande cha bahasha yako mbele ya midomo yangu, nikitamka sawasawa na ulivyotamka wewe, na safari hii sikudanganyi: karatasi ilitikisika.

Nilikufundisha Kiswahili ili usikike. Hukuniambia kwamba siku moja utakuwa wewe wa kunifundisha kusikia, la sivyo ningekupunguzia viboko.

Hedifoni nimeichaji. Simu imetoka chumbani, iko mezani hapa karibu na chai. Nipigie Jumapili baada ya kanisa. Nitapokea.

Mwalimu wako,
Kanana